Kupiga Picha za Maisha ya Kila Siku Nyumbani: Mwongozo Kamili kwa Mpenzi wa Kamera

Albamu nyingi za familia zimejaa siku kubwa: harusi, mahafali, sikukuu, watu wamevaa nguo za kutokea na kujipanga mstari mmoja wakiitazama kamera. Picha hizo zina heshima yake na lazima zipigwe. Zinazokosekana ni picha za siku nyingine zote zilizobaki, na humo ndimo familia inamoishi hasa: mtu anayenyoa ndevu mbele ya kioo kabla ya kwenda kazini, watoto wanaogombania rimoti, babu aliyepitiwa na usingizi na gazeti kifuani. Mtoto akishakua, au mzee akishatutoka, hayo madogo ndiyo yanayotafutwa, na mara nyingi hayapo.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kamera kwa sababu anaipenda, hapigi kwa malipo, na anataka kuwapiga watu wake jinsi wanavyoishi. Ninachokishikilia ni kimoja: picha nzuri ya nyumbani hupigwa mtu akiwa katikati ya shughuli yake, na anayeipata ni yule aliyejiandaa kabla shughuli haijaanza. Ndiyo maana hatua nyingi hapa ni za maandalizi.

Wala kazi hii si ndogo kwa kuwa inafanyika nyumbani. Mfaransa Jacques Henri Lartigue, aliyezaliwa mwaka 1894, alianza kupiga picha akiwa mtoto, na aliowapiga walikuwa ndugu na jamaa zake: wanaruka, wanakimbia, wanajaribu vyombo walivyojiundia wenyewe. Maisha yake yote alijitambulisha kama mchoraji, na picha akawa anazibandika kwenye albamu zake. Ilipofika 1963, jumba la sanaa la MoMA la New York lilipozionyesha, alikuwa anakaribia miaka 70. Alichokuwa nacho ni watu aliowajua vizuri kiasi cha kujua nani ataruka na lini. Hicho na wewe unacho tayari.

Hatua ya kwanza: zungumza na watu wa nyumbani

Kabla ya lenzi na mwanga kuna ruhusa. Kaa na wenzako, waambie unachotaka kufanya na kwa nini, kisha waulize mambo matatu: wapi hawataki kupigwa, wakati gani hawataki, na picha zitaonekana na nani. Wengi watakataa bafuni na chumbani, wengine hawataki kupigwa wakiwa wametoka tu kitandani. Yakubali hayo bila kubishana. Mtu anayejua kwamba mipaka yake inaheshimiwa huisahau kamera haraka, na mtu anayehofia atakutwa vibaya hujikunja kila ukiishika.

Weka sheria moja ambayo haina mjadala: mtu akisema "futa", unafuta palepale, mbele ya macho yake. Hata kama picha ni nzuri. Utapoteza chache, lakini utapata nyumba nzima iliyotulia mbele ya lenzi yako.

Watoto nao wana neno. Mtoto wa miaka minne anaweza kusema "sitaki", na akisema, shusha kamera. Habari ya kuweka picha zao mitandaoni ni tofauti kabisa na habari ya kuwapiga. Kupiga ni kwa ajili ya familia; kusambaza ni kuwaamulia jambo ambalo hawawezi kulitengua baadaye. Mimi nasema picha za mtoto akiwa anaoga, analia au anaumwa zibaki nyumbani, na kwa nyingine zote mwenye picha aulizwe akishafikia umri wa kuelewa swali.

Hatua ya pili: kamera moja, lenzi moja, mahali pamoja

Hapa sitakaa sana, maana watu hupoteza muda mwingi kwenye vifaa. Kamera uliyonayo inatosha. Kama lenzi zinabadilishwa, chukua moja isiyo na zumu, yenye uwezo wa kufungua tundu lake hadi f/2 au karibu na hapo (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga unaingia mwingi), na inayoona upana unaotosha ndani ya chumba. Kwenye kamera yenye sensa kamili (sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) hiyo ni milimita 35. Kwenye sensa ndogo ya APS-C tafuta milimita 23 au 24, na kwenye ile ndogo zaidi ya Micro Four Thirds milimita 17. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 inasifiwa sana kwa kuwa ni nyepesi na bei yake ni nafuu kuliko nyingi, lakini ukiifunga kwenye kamera ya APS-C inaona kama ya milimita 75, na chumbani utajikuta mgongo umegota ukutani na bado miguu ya mtu imekatwa.

Kwa simu, tumia kamera yake kuu na usivute kwa vidole; sogea wewe. Kamera kuu za simu nyingi zinaona kwa upana mkubwa, kwa hiyo uso ukiwa pembeni kabisa mwa fremu hutanuka. Weka nyuso karibu na katikati. Na futa kioo cha lenzi kabla ya kupiga, kwani simu inashinda mfukoni na mkononi, na alama za vidole hufanya mwanga usambae kama ukungu.

Baada ya hapo amua kamera itakaa wapi. Si kwenye begi, si kabatini. Iwe juu ya rafu ambayo mkubwa anaifikia na mdogo haifikii, betri imejaa, kadi imo ndani, kifuniko cha lenzi kimetolewa. Tukio la nyumbani linadumu sekunde chache. Ukianza kutafuta kamera, limekwisha.

Hatua ya tatu: ijue nyumba yako kwa mwanga

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na inafanyika bila kupiga picha hata moja. Siku ya mapumziko, zunguka nyumba yako asubuhi, mchana na jioni, kila mara ukitazama mahali ambapo mwanga unaingia na unapoangukia. Utagundua kwamba kuna kona ambayo mchana imepooza lakini jioni jua linaingia chini chini na kuigeuza kabisa. Utagundua kuwa mlango uliofunguliwa ni dirisha kubwa kuliko yote uliyonayo. Andika mahali. Siku shughuli itakapotokea hapo saa hiyo, utajua usimame wapi bila kufikiri.

Mwanga wa dirishani ni mzuri unapokuja kwa ubavu. Mtu akikaa umbali wa kama mita moja kutoka dirishani, dirisha likiwa upande wake wa kulia au kushoto, upande mmoja wa uso unang'aa na mwingine unafifia taratibu, na hapo ndipo uso unapopata umbo. Akilipa dirisha uso moja kwa moja, mwanga ni laini lakini bapa. Akilipa mgongo, utapata kivuli cha umbo lake, au uso wenye mwanga hafifu ukiongeza mwangaza kwenye kamera. Na kumbuka mwanga huu unapungua haraka kadiri mtu anavyosogea ndani: hatua mbili tatu tu kutoka dirishani zinatosha kubadilisha picha. Jua likipiga moja kwa moja, vuta pazia jepesi jeupe.

Halafu zima taa. Watu hawaamini hili mpaka walijaribu. Balbu ya rangi ya joto ina kiasi cha kelvini 2700 hadi 3000 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), mwanga wa mchana una kama 5500. Ukiviacha vyote viwili vikamwangukia mtu mmoja, nusu ya uso itakuwa ya machungwa na nusu ya buluu, na kamera haina mpangilio mmoja wa rangi utakaozitibu zote mbili. Chagua chanzo kimoja: mchana dirisha, usiku taa.

Usiku fanya kinyume cha ulichozoea. Badala ya kuwasha taa ya darini, ambayo inashuka juu ya kichwa na kuyatia macho vivuli, washa taa ya mezani au ya pembeni na uiache iwe peke yake. Mwanga wa skrini ya kompyuta juu ya uso wa kijana anayefanya kazi ya shule, au wa jokofu lililofunguliwa saa tano usiku, ni mwanga halali pia. Flashi ya kwenye kamera iache izimwe; inabandika nyuso bapa na kila mtu chumbani anageuka kukutazama.

Tahadhari moja kuhusu taa za LED: nyingi za bei ya chini zinawaka na kufifia mara mbili kwa kila mzunguko wa umeme. Umeme ukiwa wa hezi 50, hiyo ni mara 100 kwa sekunde, jicho halioni lakini kamera inaona, na picha inatoka na michirizi ya giza. Dawa yake ni kutumia kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga, ya 1/50 au 1/100 ya sekunde. Penye umeme wa hezi 60 tumia 1/60 au 1/120.

*Ngozi nyeusi na kipimo cha mwanga.* Hapa panahitaji uangalifu wa pekee. Kwa miaka mingi ya karne ya 20, kadi ambazo Kodak ilizisambaza kwa maabara za kusafisha picha ili kusawazisha rangi zilikuwa na sura ya mwanamke mweupe, na zilijulikana kwa jina la Shirley. Rangi zilipangwa zimpendeze yeye, na ngozi nyeusi zikatoka giza tupu, macho na meno tu yakionekana. Sensa za leo zinaweza kunasa ngozi ya kila rangi bila shida. Kilichobaki ni kipimo cha mwanga ndani ya kamera: hakijui kinatazama nini, kinachotaka ni kuifanya fremu nzima iwe na wastani wa kijivu.

Kwa hiyo, mtu mweusi akiwa mbele ya ukuta mweupe, kamera inauona ukuta, inapunguza mwanga, na uso unazama. Ongeza mwanga kwa kitufe chenye alama ya +/−, kati ya theluthi mbili za kizio na kizio kizima (kizio kimoja ni mwanga mara mbili). Ukimsogelea mtu huyohuyo mpaka uso wake na nguo zake nyeusi zijaze fremu, kamera inafanya makosa ya upande wa pili: inaongeza mwanga kupita kiasi, ngozi inapauka na paji la uso linapasuka kwa weupe. Punguza theluthi mbili. Mtu akiwa na dirisha nyuma yake, ongeza kizio kimoja au zaidi kidogo. Kwenye simu, gusa uso wake kwenye kioo, shikilia, kisha telezesha kidole juu au chini. Ndani ya familia moja kunaweza kuwa na ngozi za rangi mbalimbali kwenye kochi moja. Hapo mweke mwenye ngozi nyeusi zaidi karibu na dirisha, na upimie uso wake.

Hatua ya nne: panga kamera mara moja, uisahau

Namna ninayoipendekeza ni hii: kamera iwe kwenye modi ya M, ambayo wewe ndiye unayeweka tundu na kasi, tundu la lenzi f/2.8, kasi 1/250, na ISO (wepesi wa sensa kuuona mwanga) ijiendeshe yenyewe hadi 6400. Ukishaweka hivyo, umeamua mambo mawili yanayoonekana kwenye picha, na la tatu umeiachia mashine. Kamera nyingi za sasa zinakubali kuongezewa mwanga kwa kile kitufe cha +/− hata katika hali hii. Hakikisha yako kabla.

Kasi ndiyo unayoibadilisha mara kwa mara. Mtu aliyekaa anasoma, 1/125 inatosha. Watu wanaozungumza kwa mikono, mtoto anayetembea, 1/250. Wanaokimbia na kuruka, 1/500 mpaka 1/1000. Usiogope chenga za ISO kubwa, zile punje punje zinazotokea kwenye picha: picha yenye chenga bado ni picha, na ikisafishwa kwenye karatasi chenga nyingi hazionekani. Uso uliovutika kwa sababu kasi ilikuwa ndogo hauna dawa.

Tundu la f/1.8 linavutia kwa jinsi linavyoyeyusha mandhari ya nyuma, lakini fanya hesabu. Lenzi ya milimita 50 kwenye sensa kamili, mtu akiwa mita moja, kwa f/1.8 kina cha sehemu iliyo kali ni kama sentimita nne tu. Jicho moja kali, sikio limepotea. Kwa mtu mmoja aliyetulia, sawa. Watu wawili wanaocheza, nenda f/4 na zaidi. Isitoshe, hiyo nyuma unayoiyeyusha ni nyumba yenu, na ni sehemu ya habari.

Fokasi iweke ile inayofuatilia mfululizo, na kama kamera inatambua macho, iwashe. Zima mlio wa fokasi. Zima pia picha kujionyesha kwenye kioo kila ukimaliza kupiga, kwani macho yako yanatakiwa chumbani. Shata ya kielektroniki isiyo na sauti ni nzuri mtoto akilala, ila chini ya taa za LED inaleta ile michirizi kwa wingi zaidi, na kitu kinachokwenda kasi kinaweza kupinda. Piga RAW (faili ghafi lenye kila kilichonaswa na sensa) pamoja na JPEG (picha iliyokamilika) ukiwa na nafasi kwenye kadi: JPEG ya kutumiana leo, RAW ya siku utakapotaka kuokoa vivuli.

Hatua ya tano: chagua shughuli, kaa nayo

Sasa kupiga. Kosa kubwa ni kuzunguka nyumba nzima ukiwinda tukio. Chagua shughuli moja inayojirudia, ile unayojua inavyoanza na inavyoisha, ukae nayo mpaka mwisho.

Chukua mfano wa bibi anayetunga uzi kwenye sindano. Unajua atakaa karibu na dirisha, kwa sababu anahitaji mwanga uleule unaouhitaji wewe. Kaa chini, sakafuni ikibidi, upande ambao uso wake unapata mwanga. Kwanza piga pana: kiti chake, dirisha, kikapu cha nguo za kushona, mjukuu aliyelala tumbo chini pembeni. Kisha sogea. Atalowesha ncha ya uzi kwa midomo, atainua sindano juu iwe kinyume na mwanga, atafumba jicho moja. Hapo piga uso na mikono pamoja, fokasi ikiwa kwenye vidole. Atakosa mara ya kwanza, na pengine ya pili. Mjukuu atanyanyuka kuja kusaidia, mikono minne itakutana kwenye sindano moja, na hiyo ndiyo picha. Lakini usiondoe kamera jichoni. Uzi ukishapita, bibi ataushusha mkono mapajani na kuvuta pumzi, na uso atakaokuwa nao wakati huo hawezi kukupa hata ukimwomba.

Angalia mtiririko wake: pana, kati, karibu, mikono, kisha kinachofuata baada ya jambo kwisha. Huo ukishauzoea unaingia kwenye shughuli yoyote. Baba anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu mlangoni asubuhi: picha pana yenye mlango na begi la shule, ya kati yenye vichwa viwili vilivyoinama, ya karibu yenye vidole vinene na vidole vidogo kwenye kamba moja, na mwisho mtoto anayeondoka mbio huku kamba imeshafunguka tena. Mpigaji anayeanza huweka kamera chini mara jambo linapofanikiwa, na ndipo wahusika wanapojiachia. Hesabu moja hadi tano kabla ya kuishusha.

Namna yako ya kuwepo nayo ina kazi. Usisimame katikati ya chumba. Kaa mahali ambapo kwa kawaida ungekaa, shiriki mazungumzo, jibu ukiulizwa, weka kamera chini ukiombwa kushika kitu. Wewe ni mwanafamilia kwanza. Watu wakikutazama na kutabasamu, wapige picha hiyo moja, washukuru, kisha endelea kukaa kimya kamera ikiwa karibu na kifua. Usiwaambie "usinitazame", maana neno hilo linaiharibu shughuli nzima. Usiwaambie "cheka" pia. Siku za mwanzo watajipanga kila ukiinua kamera. Ikishakuwa jambo la kila siku, wataichoka na kuiacha.

Usipige mfululizo kama mvua. Vipigo vitatu vinne kwenye kilele cha tendo vinatosha. Aliyepiga mia tano jioni moja hatazichambua kamwe.

Hatua ya sita: tazama kingo za fremu

Shuka hadi usawa wa macho ya unayempiga. Kwa mtoto anayetambaa, hiyo maana yake ni tumbo sakafuni. Ukimpiga kutoka juu unapata utosi; ukishuka unauona ulimwengu wake, meza zikiwa ndefu na miguu ya watu wazima ikipita nyuma.

Kabla ya kubonyeza, zungusha jicho kwenye pembe nne. Kuna mlango uliokaa kama pembe juu ya kichwa cha mtu? Sogea nusu hatua. Mkono umekatwa kwenye kiwiko au kifundo? Vuta nyuma au kata katikati ya mfupa. Milango ya ndani ni fremu za bure: ukisimama sebuleni na kupiga kupitia mlangoni unamwonyesha mtu akiwa peke yake jikoni na wakati huohuo unaonyesha kuwa nyumba haiko tupu.

Na tafadhali, usipange nyumba kwa ajili ya picha. Chaja inayoning'inia, kalenda ukutani, nguo zinazosubiri kupigwa pasi, muundo wa simu aliyoishika mtu, vyote hivyo leo ni vurugu na baada ya miaka ishirini ndivyo watu watakavyovitazama kwanza. Kitu kikikusumbua kwenye fremu, hama wewe. Kiache kitu mahali pake.

Hatua ya saba: nyakati ngumu

Ugonjwa, ugomvi, machozi, msiba. Kanuni ni fupi: saidia kwanza. Mtoto akianguka, mwokote. Ukishamaliza, na kama moyo wako unakuambia picha ya kile kinachoendelea itakuwa na thamani kwa mhusika mwenyewe, muulize. Wapo wagonjwa waliofurahi kuwa na picha ya mkono wa mwenzao juu ya wao, na wapo wasiotaka hata kuiona kamera. Huwezi kukisia. Piga mikono, migongo, viatu mlangoni, kama nyuso hazikuruhusiwa.

Hatua ya nane: chambua kwa ukali, rekebisha kwa upole

Nakili picha kwenye kompyuta siku hiyohiyo, lakini usizichague siku hiyohiyo. Subiri wiki. Ukiwa bado na joto la tukio unaipenda kila picha. Wiki ikipita, jiulize: mgeni asiyetujua ataelewa nini kinaendelea kati ya watu hawa? Jibu likiwepo, itunze, hata kama fokasi imeteleza kidogo. Picha kali ya mtu asiyefanya lolote iachie nafasi yenye uhai. Kwa shughuli moja, tano mpaka kumi zinatosha.

Katika kurekebisha, sawazisha mwanga, sawazisha rangi mpaka ngozi ifanane na ngozi unayoijua, nyoosha upeo, kata kingo kidogo. Basi. Usilainishe ngozi, usifute makovu wala mikunjo ya uso. Mama yako atamkumbuka mama yake kwa mikunjo hiyohiyo. Picha iliyochanganya taa na dirisha na rangi zikagoma, igeuze nyeusi na nyeupe.

Hatua ya tisa: majina, nakala, karatasi

Picha isiyo na jina ni ya mgeni baada ya kizazi kimoja. Tengeneza folda kwa tarehe, mwaka ukitangulia, kwa mfano 2025-03-14, zijipange zenyewe. Kila picha uliyoichagua iandikie nani, wapi, wanafanya nini. Programu nyingi za kuhariri zina sehemu ya maelezo inayohifadhiwa ndani ya faili lenyewe. Andika majina kamili, na si "mama" au "shangazi": mama wa nani?

Nakala ziwe tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae nje ya nyumba. Mfano: kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje, na kwenye hifadhi ya mtandaoni au diski nyingine kwa ndugu. WhatsApp si hifadhi, kwa kuwa picha ikitumwa kwa njia ya kawaida inabanwa na kupoteza ubora na taarifa zake. Ukitaka kumtumia ndugu faili kamili, itume kama waraka. Na kabla ya kuituma kwa asiye wa nyumbani, ondoa taarifa za mahali, maana simu nyingi huandika ndani ya picha ilipopigwa.

Kisha zisafishwe kwenye karatasi. Kwa ukubwa wa sentimita 10 kwa 15, kiwango cha vitone 300 kwa inchi kinahitaji pikseli 1181 kwa 1772, yaani takriban megapikseli mbili tu, hivyo hata simu ya zamani inatosha. Kwa A4 unahitaji 2480 kwa 3508, karibu megapikseli tisa. Peleka faili za JPEG katika mfumo wa rangi wa sRGB. Omba zisafishwe chache kwanza, uzitazame mchana dirishani, kwa sababu kioo cha kompyuta kinang'aa na picha ya karatasi hutoka na giza zaidi ya ulivyotarajia. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini bila kukandamiza, na albamu iwe ya karatasi isiyo na asidi. Zile albamu za kurasa zenye gundi ziepuke: gundi hugeuka njano na kuing'ang'ania picha.

Na wewe?

Ukipitia kazi ya mwaka utakuta kuna mtu mmoja asiyeonekana popote. Weka kamera kwenye kabati au trepodi, tumia kipima muda au programu ya simu inayoiongoza kamera kwa mbali, iache ipige picha moja kila baada ya sekunde kumi huku wewe ukiwa mezani na wenzako. Vioo vya nyumbani navyo vinafaa.

Njia nzuri zaidi ni kumkabidhi mwingine. Mtoto wa miaka sita anaweza: mvishe mkanda shingoni, weka kila kitu kijiendeshe, mwonyeshe kitufe kimoja, kisha mwache. Atapiga magoti ya watu, mkia wa paka, na wewe ukiwa unaosha vyombo, kwa urefu wake na kwa jinsi anavyokuona. Zichague picha zake kama unavyozichagua zako, zisafishe, ziweke albamu ileile, na chini ya kila moja andika jina lake kama mpigaji.